Unga wa Njano kwenye Bahari ya Mbotela

Jumamosi asubuhi Ndanu aliketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yao ya Mbotela akisugua mawe ya bahari kwa mswaki wa zamani wa mumewe. Mawe yalikuwa kwenye karai. Samaki walikuwa ndani ya sufuria ya ugali, iliyofunikwa kwa sahani, maana paka wa jirani alikuwa amekwisha pita hapo mara kadhaa akijifanya ana safari zake.

Waithera, aliyeuza sukumawiki kando ya Jogoo Road, alipita na gunia lake mgongoni, akasimama.

"Mama Mumo, maisha yamekuwa magumu hivyo? Leo mnapika mawe?"

"Tunayaosha kwanza. Siwezi kumpa mume wangu mawe machafu."

"Na hiyo sufuria?"

"Usifunue. Hao ni wageni wa Baba Mumo."

Baba Mumo, ndiye Maingi, alikuwa dereva wa gari la watalii la kwenda Mombasa na kurudi. Meneja mmoja wa hoteli ya pwani, alipokuwa akirudi kwao Ulaya, alimwachia tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto. Wengine walipewa saa, wengine viatu. Maingi alipewa bahari. Kila safari alirudi na jerikeni za maji ya chumvi, amezificha nyuma ya mizigo ya watalii, na sebuleni bahari ikapata mahali pake kati ya redio na kabati la vyombo. Ndani yake waliishi samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Yule dume, mtoto wao Mumo alimwita Kasisi, kwa sababu ya kola. Alikuwepo pia kaa mdogo aliyekaa ndani ya kombe la konokono ambalo si lake, akingojea kupata kubwa zaidi, kama mpangaji yeyote wa Mbotela.

Kilichoiharibu bahari hiyo ni adabu. Mtu aliyelelewa vizuri, awe wa Machakos au wa Murang'a, hali chakula huku mdomo mwingine ukimtazama. Na tangi lilielekea mezani. Kila mgeni alipoinua tonge, alimwona Kasisi kwenye kioo, mdomo unafunguka, unafungika. Basi shemasi wa kanisa akamtupia ugali. Waithera akamtupia sukumawiki. Mjomba Muasya akammiminia chai ya maziwa, akisema hakuna kiumbe anayeweza kuishi kwa chumvi tupu. Haikuchukua muda maji yakawa kijani. Mwani ukaota juu ya mawe mrefu kama ndevu za beberu wa soko la mbuzi la Kiamaiko, ukapanda kioo, ukaziba pampu ya hewa, na Kasisi akawa haonekani isipokuwa kwa bahati.

"Tunaanza upya," alisema Maingi.

Maji ya zamani waliyamwaga nyuma ya nyumba, kwenye mboga za Waithera, ambazo zilikufa zote, jambo ambalo Waithera hakulisahau. Mawe yakasuguliwa. Mchanga mpya ukaletwa, na maji mapya. Kisha pampu ikawashwa, na tangi likanguruma siku nyingi bila samaki hata mmoja, wao wakingoja kwenye ndoo, kwa sababu maji mapya ni kama bibi arusi, ukimharakisha atarudi kwao. Mumo alileta wenzake wa shuleni waje waone maji. Baadaye waliingia konokono wa bahari wa kulamba kioo, halafu kaa, na mwisho Kasisi na mkewe.

Sheria ikatolewa: mtu yeyote asiwalishe samaki ila Maingi mwenyewe, kidogo tu, mara moja kwa siku. Na saa ya kula, Ndanu aliweka juu ya tangi kitambaa kirefu alichokifuma kwa mkono wake, ili watu na samaki wasionane. Kila mtu ale kwake.

Kulikuwa na sababu ya kuharakisha. Kazini kwa Maingi nafasi ya mkuu wa madereva ilikuwa wazi, na nafasi hiyo ilikuja na nyumba Buru Buru, bomba likiwa jikoni. Bwana Njogu, mwenye kuamua, alikuwa amesikia habari za bahari ya Mbotela na amesema atakuja kuiona Jumapili ya pili kutoka hapo. Ndanu, aliyepanga foleni ya maji tangu aolewe, alikuwa ameshaanza kuliota hilo bomba. Katika ndoto lilikuwa na kifuniko cha shaba.

Lakini Jumatatu, siku chache tu baada ya Kasisi kurudishwa, kioo kilikuwa na kivuli cha kijani tena. Jumanne mawe yakaanza kuota ndevu. Maingi akamlaumu mjomba, akamlaumu Waithera, akamlaumu shemasi hata jina lake likatajwa pamoja na la Yuda.  Jioni Ndanu aliketi pembeni na ufumaji wake, akangoja aone ni nani anayelisha samaki.

Taa za Jogoo Road zilipowaka, mama mkwe wake aliingia. Jina lake Wayua, na alikuwa amezikwa mwaka uliopita huko kwao, mbele kidogo ya Sultan Hamud, kando ya barabara ya Mombasa. Alipitia mlangoni kama watu wengine, akaacha ndara zake za tairi nje. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akatia mkono ndani ya kiondo alichokining'iniza begani, akatoa unga wa njano na kuunyunyiza majini.

"Mwaitu, umefika," alisema Ndanu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Nimefika, mwanangu. Hawa watoto wana njaa. Midomo inafunguka, inafungika. Nyumba nzima hakuna mtu wa kuwapa?"

Ndanu akampa kigoda. Akamweleza sheria ya tangi, habari za Bwana Njogu, na bomba. Kisha akamletea isyo, mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri, mvuke ukipanda. Wayua aliiangalia sahani kama mtu anayeangalia picha ya arusi yake. Mikono aliiacha mapajani.

"Wewe hukuninyima. Kila ulipokuja nyumbani ulikuja na kifurushi. Mkono ninaoungoja ni mmoja tu."

"Wa Baba Mumo."

"Anipe sahani moja, kwa mkono wake. Nitakula, niende kulala. Maji yake sitayagusa tena."

Akamsimulia, bila kulia, mwaka ule wa ukame, mwaka wa mahindi ya njano ya kugawiwa, ule ule aliozikwa. Yeye na majirani walikuwa wakisimama kando ya lami wakingoja lori la msaada. Maingi alikuwa akipita na gari lake. Hakusimama, maana watalii walikuwa na chakula chao cha mchana hotelini, na chakula cha mtalii hakipoi. Lakini alipiga honi.

"Honi mbili. Majirani wote walijua huyo ni wangu. Mimi nainua mkono. Nyuma ya gari naona jerikeni za maji, nasema, labda kesho."

"Yalikuwa ya chumvi, mwaitu."

"Sasa najua. Nimeyaonja."

Maingi alirudi, akavua kofia, akamwamkia mama yake vizuri na kumuuliza habari za huko. Kisha akamvuta mkewe chumbani.

"Mpe sahani moja," alisema Ndanu. "Ndiyo dawa ya mwani."

"Humjui mama. Nikimpa leo, kesho atakuja na dada zake. Wote walikwenda mwaka ule ule."

"Sahani moja, Baba Mumo."

"Atazoea."

"Atazoea nini? Kula?"

Maingi akafikiri. "Baada ya ugeni," akasema.

Badala ya sahani, alileta kutoka Mombasa mkebe mzima wa konokono wa bahari. Konokono walikula mwani ulioota kwa unga wa njano, wakanenepa mpaka wakafikia ukubwa wa vikombe. Wakati wa taarifa ya habari ungeweza kuwasikia wakitafuna. Wayua alikuja kila jioni, akanyunyiza unga wake, akaketi. Kiondo hakikupungua.

Jumapili ya ugeni Bwana Njogu alifika amevaa suti. Waithera alikuwa jikoni akisaidia kusukuma chapati, akiziita chapati za fidia ya sukumawiki. Tangi liling'aa. Bwana Njogu aliinama, akamtazama Kasisi, Kasisi naye akamtazama, wakaonekana kuelewana. Waliongea habari za pampu mpaka giza likaanza kuingia, na Wayua akaingia nalo.

Bwana Njogu alisimama, kama mtu aliyefunzwa. "Ni mama?"

"Ndiye."

"Pole sana. Lini?"

"Mwaka jana."

"Wangu huja Jumatano. Huketi karibu na gari. Nimejenga ukuta, lakini wapi, anajua geti liko wapi."

Chakula kikaletwa. Maingi akanawa, akachukua sahani ya kwanza, akaweka ugali, akaweka paja la kuku, na juu yake akaweka firigisi. Akageuka. Wayua alikuwa ameshaweka kiondo chini na kukinga mikono yote miwili. Ndanu alibaki na upawa hewani, mchuzi ukimdondokea kwenye viatu vya kanisani. Konokono waliacha kutafuna. Maingi alisimama hapo na sahani, mbele ya mikono ile, kwa muda ambao mtu angeweza kusali sala fupi.

"Bwana Njogu," akasema, "karibu firigisi."

Sahani ikapita juu ya mikono ya Wayua kama unavyomruka paka aliyelala. Mikono ilikaa kidogo. Kisha ikarudi kwenye kiondo, na unga ukanyunyizwa.

Sasa hapakuwa na mtu aliyeweza kula, kwa sababu walikuwa wakitazamwa. Bwana Njogu, mwenye uzoefu, aliuliza kama hakuna pazia. Kitambaa cha kufuma kilitosha tangi peke yake. Ndanu hakuinuka. Basi Maingi mwenyewe akaenda chumbani, akaleta shuka la maua, akalitundika kutoka msumari wa kalenda mpaka msumari wa picha ya arusi, na samaki pamoja na mama yake wakawa upande wa pili.

"Asante, mwanangu," sauti ilisema kutoka nyuma ya shuka. "Upepo wa mlango ulikuwa unanipiga."

"Mmemfunika kama televisheni," alisema Waithera kutoka jikoni. "Saa ya habari mtamfunua?"

Wanaume vinywa vyao vilikuwa vimejaa. Waithera akazirudisha chapati kwenye sinia, akafunga leso yake, akaenda kwake bila kula. Ndanu naye hakula.

Maingi alipata kazi. Walihamia Buru Buru kabla ya mvua, bahari ikisafirishwa kwa jerikeni na Kasisi kwa sufuria ya ugali. Bomba lilikuwa jikoni kweli, na lilitoa maji. Kifuniko hakikuwa cha shaba. Tangi waliliweka karibu na dirisha, na jioni ya kwanza Wayua alifika bila kuuliza njia, akisema alifuata harufu ya chumvi. Konokono siku hizi ni wakubwa kama sahani, na kioo ni safi kabisa. Wageni huambiwa mlangoni, kwa upole: yule ni mama, msimpe kitu, mwani utaota.

Kila jioni Ndanu hupakua sahani moja zaidi, huifunika na kuiweka mezani, mbele ya kiti cha mumewe.

"Hii ya nani?" huuliza Maingi.

"Unajua."

"Kesho," husema Maingi, na huila.

Lakini si mtu wa kumpuuza mama yake. Anaporudi kazini jioni na gari jipya la mkuu wa madereva, huona kutoka getini kivuli chake dirishani, kando ya samaki. Hupiga honi mbili. Na Wayua, ndani, mkono mmoja ukiwa kwenye kiondo, huinua ule mwingine.