Firigisi ya Jogoo wa Walubengo

Goti la kulia la Nasike lilikuwa na jina lake. Watu wa kikundi chao cha kukimbia pale Kondele walilibatiza Mheshimiwa, kwa sababu lilikuwa limevimba, halifanyi kazi yoyote, na kila safari lazima wote wasimame kulisubiri. Ukimwuliza Nasike, "Mheshimiwa ameamkaje leo?" angekujibu bila kununa: "Ameamka, lakini bado hajaamua kama atahudhuria."

Kilichomuuma zaidi ya goti ni namna lilivyoumia. Angeumia akipanda milima ya Kajulu angekuwa na hadithi ya kusimulia. Lakini wapi! Aliumia Krismasi akifukuza jogoo. Baba yake mdogo, Walubengo, fundi wa kuchomelea mageti ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kikundi, alimtuma amkamate jogoo mwekundu wa sikukuu. Jogoo akaruka mtaro. Nasike naye akaruka mtaro. Jogoo akafika ng'ambo. Nasike akafika nusu. Siku hiyo ukoo mzima ulikula maharagwe huku ukimtazama, na tangu hapo yule jogoo akawa anakuja kuwika chini ya dirisha lake kila alfajiri, kama mtu anayepita kusalimia mgonjwa aliyemgonga mwenyewe.

Daktari alimwambia apumzike mpaka Pasaka. Angepumzika vipi, na Januari ndio mwanzo wa mitihani?

Mitihani ya kikundi haikuwa na kalamu wala karatasi. Ilikuwa michezo ya watu wazima waliokosa la kufanya Jumamosi. Kulikuwa na ule wa kubeba samaki wa ngege akiwa mzima ndani ya ndoo ya maji kutoka ufuoni Dunga hadi Kondele kwa miguu, na akifika lazima awe bado anapiga mkia. Kulikuwa na ule wa kupanda Kajulu kinyumenyume, mgongo ukiangalia mlima na macho yakiangalia ziwa. Na wa mwisho, ambao ulikuwa unaogopewa kuliko yote: kutembea au kukimbia kutoka sokoni Otonglo hadi Maseno, ukaguse ule mnara wa ikweta kabla kivuli chako hakijaingia chini ya viatu. Mwezi wa tatu, jua la huko linakaa juu ya utosi wa mtu kama karai la zege. Ukijiangalia chini usione kivuli, umeanguka mtihani, rudi mwakani.

Zawadi ilikuwa moja. Januari, mbele ya kikundi kizima, Walubengo alisimama na kutangaza kwamba yule jogoo mwekundu atachinjwa mwisho wa mitihani, na atakayeimaliza yote, awe nani awe nani, atakula firigisi.

Sasa, kwa mtu wa kabila lingine firigisi ni kipande cha nyama. Kwa Wabukusu ni kiti cha enzi. Firigisi ni ya baba mwenye boma, au ya mgeni wa heshima kama mkwe. Mwanamke anaiosha, anaipasua, anaimenya, anaipika, anaipakua, kisha anaipeleka mezani na kurudi jikoni kulamba mwiko. Nasike alikuwa na duka lake la viatu vya mtumba, alikuwa anajilipia nyumba na kumchagua rais, lakini firigisi hajawahi kuionja. Na hii ilikuwa firigisi ya jogoo aliyemvunjia heshima! Aliitaka kwa moyo wote na kwa goti moja na nusu.

Walubengo alipotangaza hivyo alikuwa na hakika kwamba mtu wa kumaliza ni yeye. Mapafu yake yalikuwa kama mivukuto. Lakini wengine walipoanza kudondoka, huyu kwa ndoo, yule kwa mlima, alishangaa kumwona Nasike bado yupo. Kajulu ya kinyumenyume hata ilimfaa, maana Mheshimiwa alipenda kurudi nyuma. Na ngege wake wa Dunga alifika Kondele akiwa amelala ubavu, maji yamebaki ya kunawia uso. Oyugi, mwendesha boda boda ambaye kikundi kilimfanya refa kwa sababu yeye mwenyewe hakimbii hata akifukuzwa na mbwa, alichungulia ndoo kwa muda mrefu.

"Amepiga mkia," alisema mwishowe. "Au ni upepo. Lakini refa ameona mkia."

Hapo ndipo Walubengo akakumbuka sheria ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia: wakimaliza wawili, firigisi anakula mkubwa kwa umri.

"Baba Mdogo," Nasike alimwambia, "hiyo sheria ilizaliwa lini?"

"Ilikuwepo. Ilikuwa imelala."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi. Nasike alitakiwa afike mnarani, na Baba Mdogo asifike. La kwanza lilikuwa gumu. La pili halikuwezekana.

Walianzia Otonglo Jumamosi alfajiri, wakati wenye vibanda walikuwa wanafunua nyanya zao. Nasike alikuwa amelifunga goti kwa bendeji, na juu ya bendeji kipande cha leso ya marehemu nyanya yake. Walubengo alivaa viatu vyekundu, vipya kwake, ambavyo, kwa bahati mbaya, aliuziwa na Nasike mwenyewe.

"Nikifika nitakuwekea kivuli kidogo," Walubengo alisema, akaondoka mbio mikono ikikata hewa.

Nasike alimfuata kwa mwendo wa mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Nyuma yake Oyugi akaja na pikipiki, polepole, kiti cha nyuma kitupu, akikipigapiga kwa kiganja.

"Nyaminwa," aliita, kama Wajaluo wanavyomwita dada, "hiki kiti nimekifuta leo. Kina sponji mpya."

"Kalia mwenyewe."

"Mimi nimekalia cha mbele. Hiki kinalia. Yawa, si unakisikia?"

Hadi Kisian alikuwa bado anaweza kujibu mizaha. Baada ya njia panda, barabara ilipoanza kupanda, aliacha kujibu. Kila hatua Mheshimiwa aliomba hoja ijadiliwe. Wanafunzi waliokuwa wanashuka kwenda sokoni walimpa pole, na mama mmoja mwenye kikapu cha mapera alimpita, akamsalimia, akaingia kwake, akatoka bila kikapu, akampita tena akirudi. Kivuli cha Nasike, ambacho asubuhi kilikuwa kirefu kama mlingoti, sasa kilikuwa kama mtoto anayetembea kando yake akimshika sketi.

Kabla tu ya Maseno alisimama. Hakukaa, maana alijua akikaa hatainuka. Alisimama tu ameshika goti kwa mikono miwili.

Oyugi akazima pikipiki. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakucheka. "Nasike, tuache utani. Ukitaka kupanda, panda. Sitamwambia mtu kitu."

"Jogoo atajua," Nasike alisema, akaendelea.

Alipopinda kona ya mwisho aliuona mnara. Chini yake, kwenye nyasi, walikuwa wameketi akina mama wa kanisa, vitambaa vyeupe vichwani, wamekuja kwa basi lao kupigwa picha ikweta. Picha zilikuwa zimekwisha. Sasa walikuwa wamefungua vikapu, chapati ziko nje, chupa za chai ziko nje, na hakuna hata mmoja aliyeonekana na mpango wa kwenda popote.

Lakini Walubengo hakuwepo. Hakuwa mnarani, hakuwa barabarani.

"Psst! Nasike!"

Sauti ilitoka kwenye migomba kando ya barabara. Chini ya majani makavu palitokeza viatu viwili vyekundu, vikubwa. Juu zaidi kulikuwa na jicho moja.

"Baba Mdogo? Unatafuta ndizi?"

"Nyamaza! Usielekeze kidole. Angalia yule wa katikati, mwenye sweta ya kijani. Ni nani yule?"

Nasike aliangalia. Akaangalia tena. Kisha akashika mdomo wake kwa nguvu, maana kicheko kilikuwa kinataka kutoka na goti halingekihimili.

Yule mwenye sweta ya kijani alikuwa Kukhu Nanyama, kukhu kama Wabukusu wanavyomwita nyanya, mama mzazi wa mke wa Walubengo. Na Mbukusu aliyelelewa vizuri hakutani na mama mkwe wake hivi hivi njiani, sembuse amefika kwa kishindo na kaptura. Hampiti karibu, hamwangalii usoni. Akimwona anakuja anaacha njia na kujificha mpaka apite. Walubengo alikuwa amefika pale zamani, anapumua vizuri, amebakisha hatua chache tu, ameshanyosha mkono kuugusa mnara. Ndipo kitambaa kimoja cheupe kikageuka. Aliruka kuingia migombani kwa kasi ambayo hakuwa ameionyesha tangu Otonglo.

"Kwani hukujua anakuja?"

"Nitajuaje? Anaishi na mwanawe hapa Maseno, lakini Jumamosi huwa anafua!" Sauti ya Walubengo ilikuwa karibu na kulia. "Mwanangu, nenda umwombe asogee tu nyuma ya basi. Dakika moja. Niguse nirudi."

Nasike akaangalia kivuli chake. Kilikuwa kimebaki cha upana wa kiganja. Angeweza kuugusa mnara na kukaa kimya. Angeweza kusahau ujumbe, angeweza kuanguka kwa maumivu na kuusahau kihalali. Firigisi ilikuwa hapo, ya moto, inanukia kitunguu.

"Nitamwambia," alisema kwa shida. "Lakini naanza na mnara."

Alikokota mguu katikati ya vikapu, akauwekea mnara viganja vyote viwili na paji la uso juu yake. Mama wa kanisa mmoja alidhani anaomba, akasema amina. Oyugi akapiga honi kuthibitisha. Kisha Nasike, mtoto aliyelelewa vizuri naye, akaenda kuinama kwa Kukhu Nanyama na kumsalimia kwa mikono miwili.

"Kukhu, kuna mtu amenituma. Siwezi kumtaja. Anaomba usogee kidogo nyuma ya basi."

Kukhu alivunja chapati, akaichovya kwenye chai. Hakugeuza shingo kuelekea migombani. Naye mila ilimkataza.

"Huyo mtu ana viatu vyekundu?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Nimeviona. Nilidhani ni maua, nikasema maua gani yanatoka jasho." Alitafuna taratibu. "Na anakimbilia nini, mtu mzima?"

Nasike akamweleza. Alipofika kwenye firigisi, chapati ya Kukhu ilisimama hewani.

"Mimi," alisema Kukhu, "nimepika kuku tangu niolewe. Nilimpikia mume wangu, Mungu amlaze. Nimempikia huyo wa viatu vyekundu kila alipokuja kwangu. Firigisi napakua naona inaenda. Unajua ladha yake mimi siijui?" Akasogea, lakini ilikuwa ni kujiweka sawa tu, mgongo ukaegemea mnara wenyewe. "Niongeze chai, mwanangu. Miguu yangu leo haina haraka."

Migomba ilisikika ikiguna.

Oyugi aliacha pikipiki, akasimama katikati ya barabara, akajiangalia chini mbele, akajiangalia chini nyuma. Hakuona kivuli popote. "Muda umekwisha!" alitangaza kwa sauti ya uwanjani. "Walioko barabarani na walioko shambani, wekeni miguu chini!"

Jogoo alichinjwa kesho yake baada ya kanisa, uani kwa Walubengo. Alipigana mpaka mwisho, tumpe haki yake. Walubengo alishika bakuli dogo kwa mikono miwili, akalitazama kama mzazi anayemsindikiza mtoto wa bweni, akampelekea Nasike aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mwenye boma, Mheshimiwa amelazwa juu ya stuli na barafu.

"Kula," alisema. "Lakini mwakani tunahamisha mnara."

Nasike hakula. Aliomba kisu, akaikata firigisi katikati, nusu akaitia kwenye kopo lenye mfuniko. "Oyugi, kile kiti chenye sponji mpya, kipakie kopo hili. Lipeleke Maseno kwa Kukhu, na ukifika upige simu."

Walisubiri. Nasike aliuzuia mkono wake usiiguse nusu yake, akitaka waonje pamoja. Simu ilipoita waliiweka kwenye spika, na Walubengo, aliposikia ni mama mkwe, akainuka na sahani yake akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

"Nimeshaitia mdomoni," ilisema sauti ya Kukhu.

Nasike naye akaitia. Wakatafuna. Oyugi alisikika akiuliza kama Kukhu anahitaji maji. Wakaendelea kutafuna.

"Nasike," Kukhu alisema, akihema. "Hii ndiyo waliyokuwa wanatuficha?"

Nasike aliguna. Taya lilikuwa kazini.

"Nimetafuna mpaka sikio linauma. Ni kama soli ya kiatu chako. Mwambie huyo wa viatu vyekundu, popote alikojificha, kumbe wakwe wetu wameteseka miaka yote na hawakusema. Tangu leo nitakuwa nampa paja."

Kutoka nyuma ya nyumba kikatoka kicheko cha Walubengo, kirefu, cha mtu aliyefunguliwa. Watu wote uani wakamgeukia Nasike kuona atasema nini. Aliinua kidole wasubiri. Akatafuna, akatafuna tena, akameza kwa macho yaliyojaa machozi, akajifuta mdomo kwa ile leso ya gotini.

"Ni tamu," alisema.