Gari Lililooshwa Mara Saba

Issa Garama ni fundi wa friji pale Ukunda, na ukimpa nafasi atakueleza kwamba gari la umeme si gari, ni friji lililofundishwa kutembea. Ni kwa imani hiyo alinunua lile la Bwana Dieter.

Bwana Dieter alikuwa Mjerumani mstaafu aliyeishi Diani mpaka magoti yalipomlazimisha kurudi kwao. Gari lake lilikuwa la kifahari, jeusi, lina viti vya ngozi na kioo kikubwa mbele mfano wa televisheni ya hotelini, na lilikuwa limelala uani mwaka mzima, halisemi wala halisikii. Mafundi wa magari walikuja mmoja mmoja, wakafungua boneti, wakakuta hakuna injini, wakaifunga tena kwa adabu na kwenda zao. Issa hakutafuta injini. Alitafuta pampu ya kupoza betri, akaikuta imezibwa na nyigu, akaisafisha, akabadilisha na ile betri ndogo ya pembeni. Gari likawasha taa na kumsalimu kwa Kijerumani. Issa akaitikia marahaba, lisije likamwona hana malezi.

Akaanza kulikodisha kwa maharusi. Shida ya kwanza ikawa ukimya wake. Huko mtaa wa Kona ya Musa, bwana harusi mmoja alifika mlangoni kwa wakwe zake bila kusikika, akawakuta akina mama wanachambua mchele, hakuna kigelegele, hakuna chetezo cha ubani, mmoja wao anajikuna. Shida ya pili ikawa chaji. Plagi ya nyumbani ilikuwa ikilijaza kama mtu anayejaza tangi kwa kijiko cha chai. Umeme wenye nguvu ulipatikana Msambweni, kwenye kinu cha unga cha Swabir, ila gari likinywa, kinu hakisagi.

Siku moja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya mahindi ni msichana aitwaye Mwanaima. Alimwuliza Issa gari lake linasaga nini. Issa akasema halisagi kitu. Basi, akauliza Mwanaima, limefuata nini kinuni? Issa alirudi Ukunda na chaji robo na hamu ya kurudi tena.

Posa ikapelekwa. Mwanaima alilelewa na shangazi yake, Bi Mwanafatuma, mama mwenye mgongo mbovu na koo zima. Akimwita kuku wake, kuku wa mtaa wa pili nao huja. Mbele ya mama huyu Issa alitetemeka, na mtu akitetemeka hujigamba: akasema mke wake atatoka nyumba hii kwa gari lile lile. Shangazi akalishika neno. Akawatangazia jamaa hadi Vanga. Tangu siku hiyo haikuwa ahadi tena, ilikuwa sharti.

Ndoa ilifungwa msikitini baada ya Adhuhuri, siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, wakati ambapo pwani nzima hukimbizana kuoa kabla ya mfungo. Mwezi ulikuwa unaangaliwa jioni ile ile. Bi Mwanafatuma alikuwa ameshasema lake: bibi harusi atoke kabla ya Magharibi. Mwezi ukiandama akiwa bado ndani, hatamtoa mtoto wa watu katikati ya Ramadhani. Issa atangoja mpaka Sikukuu.

Baada ya Alasiri Issa alifika, gari linameta, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kila kitu kingekwenda sawa lau Swabir wa kinu hangekula pilau ya kwanza. Pilau humfungua Swabir kinywa. Akaegemea gari mbele ya wakwe na kuanza kusimulia enzi za Bwana Dieter, aliyekuwa naye akija kuchaji kinuni, jinsi mbwa wake Bruno alivyokuwa akiketi kiti cha nyuma kama waziri, masikio yanapepea dirishani.

Watu wakaacha kutafuna.

"Kiti kipi?" akauliza Bi Mwanafatuma.

Swabir, kwa moyo safi kabisa, akamwonyesha.

Mzee Hashim, kaka yake Bi Mwanafatuma, ambaye ndiye aliyeozesha mchana, alijaribu kuokoa jahazi. Akasema manyoya makavu juu ya kiti kikavu hayanajisi kitu. Dada yake akamwuliza kama aliwahi kumwona mbwa anapanda gari ulimi ukiwa ndani. Na je, mate nayo ni makavu? Mzee Hashim akasema suala hilo lahitaji kitabu, kisha akaenda kutafuta sahani.

Hukumu ikatolewa: kiti kioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama sheria isemavyo kuhusu mbwa. Tena kwa maji ya kumwagwa, si kitambaa cha kupangusia meza.

"Shangazi," Issa akamsihi, "chini ya kiti hicho kuna nyaya."

"Na juu yake kulikuwa na mbwa."

Ndoo zikapangwa. Ya kwanza ilikuwa ya udongo mwekundu uliokorogwa vizuri, na kiti cha ngozi kutoka Ulaya kikageuka ukuta wa nyumba ya kukandika kule Mkongani. Kila ndoo iliyofuata ilipigiwa kigelegele, na kila kigelegele gari likajibu kwa namna yake. Ndoo ya tatu, lilisema jambo refu kwa Kijerumani. Ya tano, likafuta kioo cha mbele ingawa hakukuwa na mvua. Ya saba, likanyamaza kabisa. Kwa Issa ukimya ule ulikuwa kama wa friji linalokoroma usiku kucha halafu likaacha.

Bi Mwanafatuma akaingia kukagua kama kiti kimetakasika. Alitandika mkeka mdogo, akaketi, akanusa, akakipigapiga kiti. Ndipo mlango ulipojifunga wenyewe. Vioo vikapanda. Vishikio, ambavyo kwenye magari ya aina ile hujificha ndani ya mlango, vikazama kama vichwa vya kobe.

Vioo vya gari la kifahari ni vya tabaka mbili. Kwa mara ya kwanza Msambweni ikamwona Bi Mwanafatuma akisema bila kumsikia, na baadhi ya jamaa wakavuta viti wafaidi.

Hasina, dada yake Issa, akadhani ni kifungua mlango. Ni desturi: upande wa bibi harusi hufunga mlango, na hawafungui mpaka upande wa mume utoe zawadi. Akabandika leso jozi kwenye kioo. Shangazi akatikisa kichwa. Akaongeza marashi. Shangazi akatikisa kichwa na mikono. Watu wa Ukunda wakanong'ona kwamba hawa wa Msambweni hawashibi. Wa Msambweni wakajibu kwamba gari ni la Ukunda, kwa hiyo waliofunga ni wa Ukunda, na ikawa haijulikani tena nani ampe nani zawadi.

Issa alikuwa akitazama jua. Lilikuwa linateremka, lakini bado lilikuwa na moto wa kutosha kumpika mtu ndani ya gari jeusi. Akampigia simu Bwana Dieter, ambaye hakuwahi kulitoa gari lile kwenye programu ya simu yake inayoliongoza kutoka mbali. Alisema ni kama kumfuta ndugu.

"Naona mtu kiti cha nyuma," alisema Bwana Dieter kwa Kiswahili chake cha Diani. "Si Bruno?"

"Ni shangazi."

"Milango siwezi, imelowa. Lakini baridi naweza. Ngoja nimwekee ile ya Bruno."

Ndiyo ile aliyokuwa akimwekea mbwa wake akimwacha garini na kuingia dukani. Kile kioo kikubwa cha mfano wa televisheni kikawaka. Akatokea mbwa anatikisa mkia, na chini yake maneno ya Kijerumani. Umati ukarudi nyuma hatua moja. Issa akauliza yanasemaje.

"Yanasema, usijali, bwana wangu yuaja sasa hivi."

Issa aliwaambia wakwe kwamba imeandikwa karibuni.

Baridi ikaanza kuvuma kule ndani. Kisha kiti chenyewe kikaanza kusogea, kinapanda na kushuka mgongoni, kinakanda, maana Bwana Dieter alikuwa amevitega viti vyote hivyo kwa ajili ya mifupa yake. Mdomo wa Bi Mwanafatuma ukasimama katikati ya neno. Macho yakafumbika. Kichwa kikalala. Mzee Hashim akaweka sahani chini na kuanza kumsomea Yasini ya maiti, akafika aya ya pili, ndipo marehemu aliponyanyua mkono akarekebisha mtandio.

Baridi ile ile ikakausha nyaya. Vishikio vikachomoza, mlango ukafunguka taratibu, na watu wote wakangoja ashuke. Hakushuka.

"Shangazi, mlango umefunguka," Issa akasema.

"Nimeuona."

"Basi shuka nimpakie mke wangu. Jua linatua."

"Mgongo huu," alisema Bi Mwanafatuma, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo, "haujaninyamazia tangu nizike mume. Sasa umenyamaza. Mimi hapa siinuki."

Issa akasema basi waende wote, yeye na bibi harusi pamoja. Lakini Bwana Dieter, ambaye bado alikuwa kwenye simu na anafurahia kuliko ilivyofaa, akaeleza kwamba gari likitembea tu, mambo hayo yote huzimika. Bi Mwanafatuma alisikia. Akakamata mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

Mzee Hashim akachungulia magharibi na kusema kama mwezi upo, hauko mbali.

Bibi harusi hatoki mpaka atolewe. Hilo kila mtu analijua. Mwanaima akatoka mwenyewe, buibui juu ya gauni, viatu mkononi, hina haijakauka vizuri. Akasimama mbele ya mlango wa gari.

"Shangazi, wataka gari, ama wataka niolewe?"

Bi Mwanafatuma alifikiri. Alifikiri kwa muda ambao Mwanaima hadi leo hajausamehe.

"Wewe nimekulea," akasema hatimaye. "Hili nimelijua leo. Issa, chukua mkeo, sharti nimelifuta, gari liache papa hapa. Na ufunge mlango, baridi inatoka."

Hakuna aliyengoja aseme mara ya pili. Chombo cha usafiri kilichokuwa karibu ni pikapu ya mpishi, iliyokuwa inarudisha sufuria za pilau. Mwanaima akaketi mbele karibu na mpishi, kwa heshima. Bwana harusi akapanda nyuma na kanzu yake, akakumbatia sufuria kubwa isidondoke, wakaondoka Msambweni jua likiwa bado juu ya minazi kidogo.