Kura ya Bibi Kizee

Kazini kwetu kuna sheria moja inayoudhi kuliko zote: ukirekebisha programu, marekebisho hayaendi kwa wateja mpaka watu wawili ambao hawakuyaandika wayajaribu na kuyapigia kura. Na kura moja lazima ipigwe kwenye Bibi Kizee. Huyo ni kompyuta kuukuu iliyo karibu na dirisha, ambayo huchukua dakika kumi kuamka, tena kwa manung'uniko.

Safari hii marekebisho yalikuwa yangu, ya programu ya kuchapa lebo za dawa. Mdogo wangu wa kike hugawa dawa kwenye zahanati, na lebo zilikuwa zikimkwamia kila mara. Asubuhi akanipigia.

“Kaka, si ulisema umemaliza?”

“Nimemaliza. Bado kura moja.”

“Kura? Kwani mnachagua rais? Foleni imefika nje, wagonjwa wananitukana mimi!”

Iliniuma. Uwezo wa kuyaachia marekebisho ninao, ni kubonyeza mara moja tu. Nikamwendea Mama Breki, mkuu wa majaribio. Jina hilo tulimpa sisi, kwa kuwa kazi yake ni kutusimamisha.

“Mama, kwangu imechapa lebo mia mbili bila kasoro. Niachie?”

“Kwako, kwenye kompyuta ya juzi. Kaa chini, Bibi anaamka.”

Nikakaa nimenuna. Aliyetunga sheria hii, nikawaza, bila shaka hana ndugu.

Lebo ya kwanza ikatoka safi. Ya pili ikatoka. Mama Breki akavaa miwani, akazisoma zote mbili, kisha akanikabidhi.

Kwenye lebo ya pili, dawa ilikuwa ya mgonjwa wa pili. Jina lilikuwa bado la yule wa kwanza.

Bibi Kizee alikuwa mzito mno kwa programu yangu ya haraka: ilichapa kabla hajamaliza kubadilisha jina. Zahanati ya mdogo wangu ina kompyuta moja tu, na umri wake ni sawa na wa Bibi Kizee. Mdogo wangu angempa mtu dawa isiyo yake, kwa mkono wake mwenyewe, akiniamini mimi. Lakini lebo ile tulikuwa nayo sisi wawili tu, hapa mezani. Nilishusha pumzi mpaka Mama Breki akanicheka.

Simu ikalia tena.

“Mmeachia?”

“Hatujaachia.”

“Wazembe wakubwa nyie!”

Machozi yalikuwa yananilengalenga.

“Rudia tena, mdogo wangu,” nikamwambia. “Niite mzembe tena.”