Vumbi la Shaba Katika Chumvi

Hamdun bin Saidi hakuwa na mke tena, hakuwa na duka, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na cheti ila kile cha kisomo cha jioni. Alichobaki nacho ni tupa yake ya ufundi, ya kusugulia shaba, na jina zuri. Kijiji kizima cha ujamaa pale karibu na Kigwa kilimwita Mwalimu, kwa kuwa barua zake serikalini zilijibiwa, na sasa aliwafundisha wengine kusoma.

Mwaka ule wa 1974 kondoo wa kijiji walikonda. Hamdun akakumbuka bangili za shaba ambazo wazee huvaa kutuliza maumivu ya mifupa. Kinachofaa mkononi, alisema, tumboni kitafaa zaidi. Akakusanya vumbi la tupa, akalichekecha kwa kitambaa cha kilemba hadi likawa laini kama poda, akalichanganya na chumvi ya kulamba ya zizi la mashariki. Vumbi halikutosha zizi la magharibi.

Wiki ya sita kondoo wakaanza kufa. Macho yalikuwa ya manjano, mkojo mwekundu. Walipopasuliwa, ini lilikuwa la manjano na figo nyeusi kama mtutu wa bunduki.

"Ni Zamda," watu wakasema. Zamda, mjane aliyehamishiwa hapo kutoka Usinge, ndiye aliyechunga mazizi yote mawili.

Mwenyekiti Lugembe akaja na karatasi. "Mwalimu, mwandikie Bwana Mifugo wa wilaya. Mchawi aondolewe kabla ya Jumamosi. Vijana wameapa kuichoma nyumba yake, na mimi sitaweza kuwazuia."

Hamdun akapitia zizini kwanza. Zamda alikuwa akifagia.

"Wa magharibi wamekufa wangapi?"

"Hata mmoja. Hao hawajaonja chumvi yako, Fundi." Akaegemea ufagio. "Eti mimi nawala usiku. Kwa meno gani? Yangu matatu, nawe ya mbele huna hata moja."

Hamdun hakucheka. Alirudi nyumbani akiutazama mkono wake, kijani cha shaba kikiwa bado kwenye kucha.

Aliandika mara tatu, akachana mara mbili. Lugembe alikuwa akimngoja mlangoni.

"Umemtaja?"

"Nimemtaja. Sikiliza." Akasoma: "Kondoo kumi na tisa wameuawa na vumbi la shaba nililotia kwenye chumvi yao mimi, Hamdun bin Saidi. Zamda hana kosa. Naambatanisha figo moja ndani ya kopo, ipimwe."

Lugembe akashika kichwa. "Mzee! Watakuweka ndani. Na darasani kwako atakuja nani? Futa jina hilo!"

"Nilijifunza kuliandika nina miaka hamsini. Silifuti. Na Jumamosi nitawasomea vijana nakala yake, nimesimama mlangoni kwa Zamda."

Garimoshi la Tabora lilipiga honi kwa mbali. Ulimi ulikuwa umemkauka, gundi ya bahasha ikakataa kushika. Akachovya kidole katika uji wa asubuhi, akaifunga, akaikandamiza kwa kiganja. Kisha akatembea hadi stesheni, akamkabidhi gadi wa garimoshi bahasha na kopo.