Ngoma Mbili Kwenye Simu

Tovuti ya makumbusho ya Bariadi ilikuwa imedoda. Milembe alikuwa ameiandika mwenyewe, picha kwa picha, kwa Kiswahili cha kupigwa pasi: "Ala ya muziki ya jadi, mti na ngozi ya ng'ombe." Nani aache shughuli zake asome hayo? Wageni wake pekee walikuwa yeye mwenyewe na Elineema, fundi wa kompyuta aliyehamishiwa hapa kutoka Same.

Mkuu wao, Evaristo, alishasema: tovuti isipopata watu kabla ya kikao cha Jumatatu, chumba cha makumbusho kinageuzwa stoo na vitu vyote vinafungwa kwenye maboksi. Kilichomuuma Milembe si chumba. Alikuwa amekwenda Nkoma kwa mjane Felisita, akamwambia, "Nipe ngoma ya mzee, mayu, mama yangu, kila mtu ataiona." Akapewa. Sasa angerudi kwa mama yule na uso gani?

Alhamisi Elineema akazikodolea macho picha. "Dada, hizi ngoma mbili si zilezile tu? Tuache moja."

"Weee! Kayaseme hayo Nkoma uone kama utarudi na meno. Hii ya mama Felisita ni ya Bagika, ile ya Bagalu!" Akamweleza kwa hasira: hivi vyama vya wachezaji hushindana uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, vyote vikipiga kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watazamaji wenyewe hukimbilia upande unaowakuna, na chama kinachobaki na vumbi lake kimeshindwa.

Akaigeukia kompyuta.

"Igawe hiyo skrini pande mbili, washindane humo," alisema Milembe.

Maneno ya pasi yakafutwa. Ijumaa wakaita wapigaji, wakazirekodi ngoma zote mbili. Kushoto Bagika, kulia Bagalu. Ukigusa upande, ngoma inalia na mchezaji mkongwe anakusimulia kwa Kisukuma. Asiyesoma yumo, asiyeona yumo. Kisha unachagua pa kusimama, na kila mtu anaona umati unakohamia. Usiku huohuo wakakituma kiungo kwa kila namba waliyokuwa nayo.

Basi mkoa mzima wa Simiyu ukachemka! Jumamosi mnadani Maswa simu zilikuwa zinatambiana. Vijana walioko Dar wakawapigia wajomba zao kuwachokoza. Watu wakatuma picha za babu zao wakiwa na manyoya kichwani, wakatuma sauti, wakatuma na matusi ya utani, na Milembe akayaweka yote isipokuwa yale mazito mno.

Jumatatu Evaristo akaingia amefura. "Milembe! Kwa nini Bagalu tunazidiwa? Rekodi yetu imefifia. Chukua gari uende Nyashimo, wapo wazee wanaoipiga vizuri zaidi."

"Na chumba, bosi?"

"Chumba gani? Tafuta na cha pili!"

Hapo hapo simu ya Milembe ikaita. Alikuwa Felisita, na hakungoja hata salamu. "Ng'wanawane, mwanangu, nimeisikia ngoma ya mzee! Ua wangu umejaa watu, wote wamesimama upande wetu. Hata majirani Bagalu wamehama!"

Milembe akapiga kigelegele mbele ya bosi wake, Mgalu wa kuzaliwa, bila aibu hata kidogo.