Kiti cha Saba

Serikali iliporuhusu biashara binafsi, wakala mmoja wa boti za Tanga na Wete alifungua ofisi mbili, moja kila upande. Kila ofisi ilikuwa na ubao wenye misumari, mmoja kwa kila kiti cha boti. Kisoda kikitundikwa msumarini, kiti hicho kimeuzwa. Kila alasiri, Suhaila wa Tanga alimsomea Ame wa Wete mabadiliko kwa redio ya upepo, naye Ame akimsomea yake, kila taarifa na namba yake, ili mbao zifanane.

Muda wao hewani ulikuwa mfupi. Ame, Mpemba mwenye adabu, hakupokea habari ya kiti kabla ya kuulizia afya ya ukoo mzima.

Ndiyo maana asubuhi moja watu wawili walisimama mbele ya Suhaila, kila mmoja na tiketi ya kiti cha saba. Hafsa wa Makorora alikuwa somo, yaani kungwi, wa bibi harusi huko Wete. Asipofika leo, harusi ya usiku haina wa kumtoa mwari. Mundhir, muuza mitumba aliyefuata marobota Tanga, alikata tiketi yake ya kurudi hukohuko Wete.

"Boti imejaa," alisema Suhaila.

"Basi nimpakate?" aliuliza Mundhir.

"Mimi hupakata wajukuu, baba, si marobota," alijibu Hafsa.

Suhaila alifungua redio. "Ame, taarifa yako ya mwisho ya kiti cha saba ni ipi?"

"Assalaam aleikum, Bi Suhaila. Mama ameamkaje?"

"Waaleikum salaam. Kiti, Ame."

"Ya nane. Bi Hafsa ameahirisha safari. Nikatoa kisoda, nikamuuzia Mundhir."

"Na ya tisa, Bi Hafsa alipokata upya?"

"Nilikuwa nakuulizia shangazi yako wa Tongoni, hewa ikakatika kabla sijaisikia wala kukutajia Mundhir. Kesho yake ukaanza na ya kumi."

"Nawe ukaipokea bila ya tisa."

"Nikudai ya tisa, Bi Suhaila? Si utovu wa adabu?"

Hafsa aliinamia redio. "Mjukuu wangu, adabu yako itaniacha gatini."

Suhaila alitazama ubao wake. Yeye naye hakuwahi kumtaka Ame arudie alichosikia. Kisha aliamua: boti inaondokea Tanga, basi ubao wa Tanga ndio asili, na wa Wete ni nakala. Kiti ni cha Hafsa. Nahodha alikubali Mundhir akae juu ya marobota yake.

"Nimelipia kiti, nimepewa robota."

"Robota ni lako mwenyewe," alisema Hafsa, "na ni laini kuliko kiti changu."

Kabla ya kufunga redio, Suhaila aliweka utaratibu. Kila taarifa irudiwe. Namba ikirukwa, visoda visiguswe mpaka iliyopotea ipatikane. Salamu ziwe mwisho.

Alasiri ya kesho yake, Ame alikuwa wa kwanza hewani.

"Taarifa ya kumi na tano: mwari katolewa, na pilau imeliwa."

"Siipokei. Ya kumi na nne iko wapi?"

Redioni zilisikika karatasi zikipekuliwa.

"Ya kumi na nne: Bi Hafsa amefika salama."

"Bi Hafsa amefika salama. Nimeipokea. Sasa nipe ya kumi na tano, kisha uniulizie mama."