Pete za Lori la Tata Kankolongo

Jumapili moja ya mwezi wa sita, baada ya misa ya pili, Tata Kankolongo alichomoa plagi sita za lori lake, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake, akavaa miwani na kuanza kuzisoma. Zote zilikuwa nyeusi, zimelowa oili. Ya nne ilikuwa mbaya kuliko zote. Alipima mgandamizo wa kila silinda kwa kipimo alichostaafu nacho kutoka gereji ya mgodi, akaandika namba kwa chaki kwenye tairi, akazitazama kidogo, kisha akazifuta kwa kiganja. Injini ilikuwa imechoka. Mtu aliyefungua injini kwa miaka thelathini na minane hawezi kujidanganya kwa jambo hilo, hata akitaka.

Lori lenyewe lilikuwa Bedford la mwaka 1958, la kijani, lenye taa za duara. Halikubeba makaa wala mifuko ya mawe. Alilikuta limetupwa nyuma ya gereji mwaka aliostaafu, na kwa miaka saba alilipiga msasa, akalipaka rangi, akalishonea viti. Kila Jumapili alilitembeza mitaani taratibu, kwa raha zake tu. Binti yake Abigaëlle, mwalimu wa shule ya msingi, alipenda kuwaambia watu kwamba wazee wengine wakistaafu hutafuta bibi wa pili, wa kwake alitafuta chuma.

Zamani lilikuwa lori la mazishi ya wafanyakazi wa mgodi, na Kankolongo ndiye aliyeliendesha siku za Jumamosi, jeneza katikati na waombolezaji wakiimba pembeni. Stata yake ilikuwa mbovu, kwa hiyo hakuwahi kuizima injini makaburini. Aliiacha ingurume pale kando mpaka koleo la mwisho la udongo. Watu waliozikwa pale kwa miaka ishirini, sauti ya mwisho waliyoisikia ya dunia hii ilikuwa ya injini ile. Mkewe Mushiya alizikwa hivyo pia. Siku ile Kankolongo alikataa kumpa mtu mwingine usukani.

Mwaka juzi kampuni ilizungushia makaburi uzio, maana chini yake kulikuwa na shaba na kobalti. Barua ilizifikia familia ikisema kwamba marehemu wote wamehamishwa kwa heshima zote kwenye makaburi mapya, ng'ambo ya reli. Kweli kulikuwa na misalaba kule, ya saruji, imepakwa chokaa na kupangwa kwa mistari iliyonyooka, kila mmoja na jina lake.

Miezi michache baadaye injini ya Bedford ilianza kula oili, moshi wake ukawa wa buluu, na marehemu wakaanza kutoka ndani ya moshi. Walitoka kwenye bomba la nyuma mmoja mmoja, wakajikung'uta, wakapanda lori na kukaa kwenye mabenchi. Wauza karanga walisogeza meza zao ili wapite. Kilichowasumbua watu ni nguo za marehemu tu, kwa sababu zilikuwa zimejaa vumbi la kijani la mawe ya shaba. Tata Kalenga, aliyekuwa mwashi, alikosa mguu wa kushoto, na wote waliokuwepo kwenye mazishi yake walikumbuka kwamba alizikwa akiwa na miguu miwili.

Waliomba kupelekwa kwenye makaburi mapya. Kankolongo aliwapeleka. Walishuka, wakatafuta majina yao, wakakanyagakanyaga udongo.

"Hapa hakuna mutu," alisema Tata Kalenga. "Balipanda misalaba kama mihogo. Siye tuko kule, mu lundo ya mawe ya mugodi."

Wakarudi kwenye lori. Injini ilipozimwa nyumbani, walififia na kwenda zao. Ndivyo mtaa mzima ulivyojua. Watu waliandika barua kwa kampuni, na jibu likaja likiwa na maneno yaleyale ya barua ya kwanza.

Jumatatu baada ya kusoma plagi, alikuja Benoît na sanduku la vipuri: pete za pistoni, beringi na gasketi. Alikuwa mtoto wa mtaa uleule, sasa ni mtu wa kampuni wa kuzungumza na wananchi, na buti zake zilikuwa safi.

"Jambo, Tata Kankolongo."

"Jambo, mutoto wangu. Karibu."

"Kampuni inakutumia bintu. Segments mupya, coussinets, joints, byote. Ni zawadi. Moshi ya camion yako inachafula hewa ya cité."

Kankolongo alitazama nyuma ya bega la Benoît. Malori ya kampuni yalikuwa yakipita kuelekea Fungurume, moja likimfuata jingine, na nguo alizoanika Abigaëlle asubuhi zilikuwa zimeshageuka rangi. Benoît mwenyewe alikuwa na vumbi kwenye nyusi.

"Na kama mi nakatala?"

"Basi camion haitoke tena mu barabara mpaka moteur itengenezwe. Karatasi ilishasainiwa. Uko na siku kumi na ine mbele ianze kazi." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Tata, usinitie mu matatizo."

Alipokuwa akizungumza alisimama upande upepo unakotokea. Tangu moshi uanze, hakuwahi kusimama upande ambao ungemfikia.

Abigaëlle alikuwa na maoni yake, na aliyasema huku akikung'uta nguo. "Papa, fungua moteur. Ikikufa mu njia, Mama hatakuya tena."

"Na ikipona, hatakuya pia," alisema baba yake.

Hapo ndipo shida ilipokuwa, na hakukuwa na namna ya kuizunguka. Akiiacha injini ilivyo, ingekwama kabla ya mvua. Akiitengeneza, haingetoa moshi, na Mushiya angebaki ndani ya lundo la mawe mpaka kipakiaji kimchukue. Kankolongo alikosa usingizi siku mbili. Alimtaka mkewe. Pia alitaka injini isiyovuja, na aliona aibu kwamba alivitaka vyote viwili.

Jumapili iliyofuata alimuuliza mkewe mwenyewe. Mushiya hakuwahi kukaa nyuma na wengine. Alipanda kibandani mwa dereva, akaufunga mlango kwa kuusukuma na nyonga, kama zamani. Alikaa akisikiliza injini. Alikuwa amesikia habari za magari mezani kwa miaka thelathini.

"Coussinet ya tatu inapiga," alisema.

"Ninajua."

"Basi juu ya nini uso iko vile?"

"Maisha yangu yote nilisema camion ya moshi ni haya ya mécanicien."

Mushiya alipangusa vumbi la kijani kwenye goti lake. Halikutoka. "Haya ya nani? Ni weye ulitufukula?"

Kankolongo aliingiza gia. Alikasirika, na hasira ile ilimfaa, maana ilikuwa imechelewa mwaka mzima. Aliendesha mpaka nyumbani, na kabla ya kuzima injini aliishika mikono ya mkewe mpaka ikawa moshi.

Asubuhi alifungua sanduku la kampuni, akaifungua injini. Kazi ilimchukua siku nne. Alibadilisha beringi, akasafisha njia za oili, akasaga vali na kuweka gasketi mpya, kila kitu kwa vipimo vyake. Kisha akafika kwenye pete za pistoni. Fundi yeyote anajua kwamba pete ya pili ina upande wa juu, nao umetiwa alama. Ukiiweka sawasawa, inakwangua oili na kuirudisha chini. Ukiigeuza, inaipandisha juu ikaungue. Ni kosa la wanafunzi wa wiki ya kwanza, na Kankolongo aliwahi kumfukuza kijana gereji kwa kosa hilo moja.

Alichukua pete ya pili ya silinda ya kwanza, akaitafuta alama, akaigeuzia chini. Mikono ilikataa. Mara mbili ilirudisha pete sawasawa kwa mazoea, na mara mbili aliitoa. Ya tatu ikakaa. Pete tano zilizobaki hazikumpa taabu.

Siku ya kumi na nne Benoît alifika na fomu. Injini iliwaka mara moja, ikanguruma kwa sauti tulivu ambayo Kankolongo hakuwa ameisikia tangu ujana wake. Benoît alitabasamu. Halafu moshi ukatoka. Ulikuwa mzito kuliko zamani zote, ukaujaza ua, ukavuka ukuta, na upande upepo unakotokea nao ukajaa. Walitoka wale wa kawaida, kisha wengine ambao hawakuwahi kuja, wazee wa miaka ya kwanza ya mgodi, wanawake wenye vitambaa vya kichwa, watoto wachanga wamebebwa na watu wasio mama zao. Abigaëlle alileta viti.

Mwanamke mmoja mfupi, Mama Ngeleka aliyemzaa, alisimama mbele ya Benoît.

"Benoît. Njo pale ku kampuni unatumika kazi?"

"Ndiyo, Mama."

"Ile barua, ni weye uliandika?"

"Mi nilipeleka tu, Mama."

Mama Ngeleka alimnyoosha kola ya shati, akaacha alama ya kidole cha kijani, kisha akapanda lori akitafuta nafasi. Benoît aliitazama fomu. Ilikuwa na swali moja tu, kama vipuri vyote vimebadilishwa. Vilikuwa vimebadilishwa. Mstari wa moshi haukuwepo. Alitia sahihi, akaikabidhi, akasema lazima awahi kazini.

Kankolongo aliwapeleka wote mpaka lango la kampuni, akaegesha kando na hakuzima injini. Mushiya alikuwa kibandani. Marehemu walisimama kwenye mabenchi wakiangalia lundo lao kupitia uzio. Mlinzi aliinua kizuizi kwa malori ya kampuni na kukishusha tena, akawasalimia wawili aliowafahamu. Walikaa pale mpaka tangi lilipokaribia kukauka.

Jumatatu saa kumi na mbili king'ora kililia kama kawaida, na shimo likashuka hatua nyingine. Kipakiaji kilijaza malori. Ng'ambo ya reli misalaba ilipakwa chokaa upya. Kankolongo alichomoa kijiti cha oili, akaona imeliwa lita mbili, akaongeza mbili, akapangusa mikono. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba shimo lina miaka kumi na miwili ya kuchimbwa. Kwa beringi zile, alikadiria, injini ingefika kumi na mitano.